Chaza wa Oregon na pwani yetu: Joto, tindikali na uhaba wa oksijeni vinapokuja pamoja

Katika pwani ya jimbo la Oregon, Marekani, kuna ghuba ndogo iitwayo Netarts, na kando yake kipo kituo cha kuzalisha vifaranga wa chaza kinachoitwa Whiskey Creek. Wafugaji wengi wa chaza wa upande ule wa Bahari ya Pasifiki hutegemea mbegu kutoka hapo. Mwaka 2006 mambo yalianza kwenda kombo, na kufikia 2007 na 2008 viluwiluwi wa chaza walikuwa wakifa matangini kwa mamilioni. Wenye kituo, Sue Cudd na mumewe Mark Wiegardt, walidhani ni bakteria. Bakteria kweli walikuwemo, na fedha nyingi zilitumika kuchuja na kusafisha maji. Bakteria wakadhibitiwa, vifo vikaendelea.

Alan Barton, aliyekuwa akifanya kazi kituoni hapo, alianza kuoanisha vifo na upepo. Wakati wa kiangazi, upepo wa kaskazini ukivuma siku kadhaa mfululizo kandokando ya pwani ya Oregon, maji ya juu husukumwa kwenda bahari kuu, na maji baridi ya kilindini hupanda kuchukua nafasi yake. Viluwiluwi walikuwa wakifa siku hizo. Mwaka huohuo wa 2007, Richard Feely wa NOAA, taasisi ya serikali ya Marekani inayoshughulikia bahari na anga, alikuwa amepita na wenzake katika meli ya utafiti kutoka Canada hadi Mexico wakiyapima maji ya pwani nzima. Matokeo yao, yaliyochapishwa katika jarida la Science mwaka 2008, yaliwashtua wao wenyewe: maji yenye uwezo wa kula chokaa yalikuwa yamekwisha kupanda hadi kwenye kina kifupi karibu na nchi kavu, mahali ambapo hawakutarajia kuyaona mapema hivyo. Burke Hales wa Chuo Kikuu cha Oregon State akapeleka vipimo vyake Whiskey Creek, na mwaka 2012 yeye, Barton na wenzao wakaeleza kwa ushahidi kwamba ukuaji wa viluwiluwi ulifuata hali ya maji waliyozaliwa ndani yake.

Hapa inafaa tusimame kidogo, kwa sababu ndipo wengi tunapoteleza. Tukisikia bahari inaongezeka tindikali, picha inayotujia ni ya gamba linaloyeyuka. Kwa kiluwiluwi wa chaza kinachotokea ni kingine. Yai likisharutubishwa, ana kama saa 48 za kujenga gamba lake la kwanza, na gamba hilo hufikia karibu asilimia 90 ya uzito wake wote. Ni mdogo kuliko chembe ya mchanga. Wakati huo hajaanza kula. Anaishi kwa akiba iliyomo ndani ya yai. George Waldbusser, mtafiti mwingine wa Oregon State, na wenzake walionyesha kwamba maji yakiwa na kutosha ya kaboneti, ambayo ndiyo malighafi ya gamba, gamba linajengeka kwa gharama ndogo. Kaboneti ikipungua, gamba bado linaweza kujengwa, ila kwa nguvu nyingi zaidi, na akiba inamwishia kabla hajaweza kujilisha. Kwa kweli kiluwiluwi huyo anakufa kwa kuishiwa.

Nimeanza na kiumbe huyu mdogo kwa sababu kilichompata ndicho kinachowapata viumbe wengi wa pwani kwa namna mbalimbali. Mikutano yetu ya mabadiliko ya tabianchi huzungumzia joto la bahari siku ya kwanza, tindikali labda siku ya pili, na oksijeni mara nyingi haitajwi kabisa. Kila moja hupewa mtaalamu wake na fungu lake la bajeti. Mnyama aliyemo majini hana mgawanyo huo. Joto linamfanya atumie nguvu zaidi. Tindikali inamlazimu kutumia nguvu zaidi kujenga gamba na kulinda damu yake. Uhaba wa oksijeni unamnyima uwezo wa kuzipata nguvu hizo. Yote matatu yanamdai kwa wakati mmoja, naye anacho kile kidogo alichokula.

Tena vitu hivi vitatu vina chanzo kimoja. Hewa ukaa tunayoitoa kwa kuchoma mafuta, makaa ya mawe na misitu huipasha dunia joto, na zaidi ya asilimia 90 ya joto hilo la ziada limeingia baharini. Takriban robo ya hewa ukaa yenyewe humezwa na bahari, ambako hugeuka tindikali na kupunguza kaboneti. Tangu enzi za viwanda zianze, pH (kipimo cha tindikali) ya maji ya juu ya bahari imeshuka kutoka kama 8.2 hadi 8.1. Yanaonekana mabadiliko madogo, lakini kwa jinsi kipimo hicho kilivyopangwa, maana yake ni ongezeko la tindikali la asilimia 30 hivi. Kuhusu oksijeni, soda iliyoachwa wazi juani hupoteza gesi upesi kuliko ile iliyo kwenye friji, na bahari nayo kadiri inavyopata joto ndivyo inavyoshika oksijeni kidogo. Maji ya juu yaliyopata joto huwa mepesi, hubaki yakielea, na hewa haichanganyiki kwenda chini kama zamani. Sunke Schmidtko na wenzake walikadiria mwaka 2017 kwamba bahari za dunia zimepoteza asilimia 2 hivi ya oksijeni yake tangu 1960.

Kule chini giza linapoanzia, bakteria huozesha kila kinachozama kutoka juu. Wanatumia oksijeni na kutoa hewa ukaa. Kwa hiyo maji yaliyopungukiwa oksijeni karibu siku zote ni maji yenye tindikali zaidi. Ndiyo sababu maji yaliyopanda Oregon yalikuja na mizigo miwili kwa pamoja, na juu ya hiyo yalibeba wa tatu, hewa ukaa ya binadamu iliyoingia humo zamani. Feely alikadiria kwamba maji aliyoyapima mwaka 2007 yaligusana na anga kwa mara ya mwisho miaka 50 hivi nyuma. Huo ndio wakati Charles David Keeling alipoanza kupima hewa ukaa kule Mauna Loa, Hawaii, mwaka 1958, akakuta sehemu 315 katika kila milioni. Leo ni zaidi ya 420. Maji yaliyozama mwaka huu yakiwa na hewa hii ya leo bado yako njiani, na wajukuu zetu ndio watakaoyaona yakipanda.

Wavuvi wa Oregon waliuona uhaba wa oksijeni kabla ya wafuga chaza kuijua tindikali. Mwaka 2002 walianza kuinua mitego ya kaa wakikuta kaa wamekufa ndani, mtego baada ya mtego. Mwaka 2006 hali ilizidi: Francis Chan, Jack Barth, Jane Lubchenco na wenzao waliteremsha kamera karibu na Cape Perpetua wakaona sakafu ya bahari imetapakaa mizoga ya kaa na minyoo, bila samaki hata mmoja anayeogelea. Sehemu nyingine hapakuwa na oksijeni kabisa, jambo ambalo halikuwa limewahi kurekodiwa katika maji ya kina kifupi ya pwani hiyo. Eneo lililopungukiwa lilifika kilomita za mraba 3,000 hivi. Tangu hapo kila kiangazi huja na kipindi cha maji yasiyo na hewa ya kutosha, na wavuvi wamezoea kukihesabu kama msimu. Wapo waliosimulia kuwaona pweza wadogo wakipanda kwenye kamba za mitego, mkono kwa mkono, wakiyakimbia maji ya chini. Anayemjua pweza anajua kwamba hatoki pangoni mwake kirahisi.

Kisha likaja joto. Kuanzia mwishoni mwa 2013 maji ya kaskazini mashariki mwa Pasifiki yalipanda joto hadi zaidi ya nyuzi 2.5 juu ya kawaida, yakakaa hivyo mpaka 2016. Nick Bond, aliyekuwa mtaalamu wa hali ya hewa wa jimbo la Washington, aliyapa jina la Blob. Mwani mdogo wenye sumu ulistawi kuliko kawaida, sumu yake ikaingia katika kaa, na msimu wa kaa wa 2015 huko California ukasogezwa kwa miezi. Misitu ya mwani mkubwa kaskazini mwa California ilipotea kwa zaidi ya asilimia 90 katika muda mfupi. Ndege wa baharini walitupwa na mawimbi ufukweni kwa maelfu, wamekondeana. Na maji ya chini bado yalikuwa yaleyale, yenye tindikali na hewa kidogo, yakisubiri upepo.

Je, madhara haya hujumlishwa tu, au hukuzana? Christopher Gobler wa Chuo Kikuu cha Stony Brook, New York, na wenzake walilijaribu swali hili maabara na kuchapisha matokeo mwaka 2014. Waliwaweka wachanga wa jamii ya chaza na kome katika maji yenye oksijeni kidogo peke yake, katika maji yenye tindikali peke yake, na katika maji yenye vyote viwili. Katika hatua fulani za makuzi, vyote viwili kwa pamoja vilidhuru kuliko mtu angepata kwa kujumlisha dhara la kila kimoja. Utafiti huu naona hautajwi inavyostahili. Kwa miaka mingi viwango vya usalama wa maji vimewekwa kwa kupima jambo moja huku mengine yakiachwa sawa, na hali hiyo ya mengine kuwa sawa haipo popote pwani.

Whiskey Creek kilinusurika kwa sababu kilianza kupima. Vipimo viliwekwa kwenye maji yanayoingia, vikasomwa muda wote. Wakagundua kwamba alasiri maji ya ghuba huwa na nafuu, kwa sababu nyasi za baharini zilizomo hufyonza hewa ukaa mchana kutwa kwa nguvu ya jua, na alfajiri huwa mabaya, baada ya usiku mzima wa viumbe kupumua. Wakaanza kujaza matangi alasiri. Wakaanza pia kutia majini kemikali ya jamii ya magadi, yaleyale yanayochimbwa Ziwa Magadi nchini Kenya, ili kuipunguza makali tindikali. Uzalishaji ukarudi. Kampuni nyingine, Goose Point, ilihamishia utotoleshaji wake Hilo, Hawaii. Jimbo jirani la Washington, ambako ufugaji wa chaza na wenzao huingiza dola milioni 270 hivi kwa mwaka, liliunda jopo maalumu mwaka 2012 chini ya Gavana Christine Gregoire, na jopo hilo likapendekeza, pamoja na mengine, kupunguza maji taka na mbolea zinazoingia baharini. Lakini magadi huokoa tangi tu. Ghuba haitiwi magadi.

Pwani ya Afrika Mashariki ni nyingine. Hatuna maji ya baridi kali yanayopanda kama Oregon, ukiacha kaskazini yetu Somalia, ambako kusi hupandisha maji ya kilindini kwa nguvu ambayo ni sehemu chache duniani zinazoifikia. Kwetu sisi kinachotangulia ni joto, na limekwisha kuacha alama. Mwaka 1998 matumbawe yalipauka na kufa kwa wingi kutoka Kenya hadi kusini mwa Tanzania. Yakapauka tena 2016. Aprili 2024 ilitangazwa rasmi kwamba dunia imo katika tukio la nne la upaukaji wa matumbawe, na Bahari ya Hindi ya Magharibi ilikuwemo.

Nenda Paje au Jambiani wakati maji ya bamvua yamepwa, utazikuta safu za vigingi na kamba, na kwenye kila kamba vishikizo vya taitai vinavyoshika mafungu ya mwani. Kilimo hiki kilianza Unguja mwaka 1989 kwa mbegu kutoka Ufilipino, za aina mbili: spinosum, na cottonii yenye bei nzuri zaidi. Zaidi ya watu 20,000 wamekifanya, wengi wao wanawake, na nyumba nyingi za mashariki ya Unguja zimejengwa na watoto kusomeshwa kwa fedha hizo. Chukua tawi la cottonii lililoshikwa na ugonjwa: ncha zimepauka hadi nyeupe, ukiligusa linakatika, na wimbi linalofuata linaondoka nalo. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 cottonii imekuwa ikifa katika mashamba mengi ya kina kifupi, kiasi kwamba wengi wamebaki na spinosum ya bei ndogo. Dk Flower Msuya, ambaye ameutafiti mwani wa Zanzibar kwa miaka mingi akiwa Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, amelihusisha jambo hili na kupanda kwa joto la maji, na ameshirikiana na wakulima kujaribu kupanda mwani maji ya kina kirefu, ndani ya nyavu zenye umbo la bomba. Kina kirefu kina baridi afadhali. Ila kinahitaji chombo na kinahitaji kuogelea, na wanawake wengi waliokuwa wakifika shambani kwa miguu hawakufundishwa kuogelea utotoni.

Wasiwasi wangu ni kwamba tumeizoea habari ya joto mpaka tunaweza kulibebesha joto kila kifo. Mwaka 2010 katika ghuba ya Almirante, Bocas del Toro, nchini Panama, matumbawe yalikufa kwa ghafla. Andrew Altieri na wenzake wa taasisi ya utafiti ya Smithsonian iliyoko Panama walipochunguza walikuta mstari: juu yake matumbawe mazima, chini yake yamekufa, pamoja na kaa na sponji waliokuwa kando yake. Maji ya chini hayakuwa na oksijeni. Joto lilishiriki, lakini aliyeua alikuwa mwingine. Katika ripoti yao ya 2017 walieleza kwamba vifo vya aina hii katika bahari za tropiki huenda ni vingi kuliko vinavyorekodiwa, kwa kuwa vituo vya kupima oksijeni na watafiti wamejazana kwenye nchi tajiri za baridi.

Na majirani zetu wana habari ya kutupa. Mwaka 2018 Bastien Queste na wenzake, kwa kushirikiana na Chuo Kikuu cha Sultan Qaboos, Muscat, walitoa matokeo ya roboti za chini ya maji zilizotumwa Ghuba ya Oman kwa miezi kadhaa. Zilikuta tabaka kubwa la kilindini ambalo halina oksijeni karibu kabisa, kubwa kuliko Scotland, na hali ilikuwa mbaya kuliko vipimo vya miaka ya 1990. Ndiyo bahari ileile ambayo majahazi ya wazee wetu yaliivuka kwa kusi na kurudi kwa kaskazi. Hakuna ukuta kati yake na Lamu.

Jambo moja la matumaini limetoka hapahapa, na ningependa lijulikane zaidi. Katika Ghuba ya Chwaka, Unguja, mtafiti Mtanzania Immaculate Semesi na wenzake Sven Beer na Mats Björk walipima nyasi za baharini zinavyobadilisha maji yaliyozizunguka. Walichapisha mwaka 2009 kwamba wakati wa mchana nyasi hizo hupandisha pH kwa kiasi kinachoonekana, na mimea ya baharini inayojenga chokaa ikiwa katikati yake hujenga haraka zaidi, mmojawapo mara kadhaa. Ni jambo lilelile ambalo kituo cha Netarts kilikuja kulitegemea kwa kujaza matangi yake alasiri. Nasi tuna nyasi hizo Chwaka, Gazi, Wasini na Mafia, na bado kuna mahali zinang'olewa kupisha vigingi vya mwani, zinakwanguliwa na makokoro, na zinafunikwa na tope la mito.

Maji taka ndiyo sehemu ya tatizo ambayo haisubiri mkutano wowote wa dunia. Kinyesi na mbolea vikiingia baharini hulisha mwani mdogo. Mwani ukifa, bakteria huuozesha, oksijeni inakwisha na tindikali inapanda papo hapo pwani, bila kungoja hewa ya angani. Dar es Salaam, Mombasa na Mji Mkongwe wa Zanzibar zimekuwa zikimwaga maji taka mengi baharini bila kuyasafisha. Halmashauri inayojenga mtambo wa kuyasafisha inawapa samaki wa mbele yake oksijeni, na hilo naliona kuwa hatua ya tabianchi kama ilivyo kupanda mikoko.

Vipimo navyo visibaki kwenye meli za wageni. WIOMSA, chama cha wanasayansi wa bahari cha ukanda huu chenye makao yake Zanzibar, kimekuwa kikiwawezesha watafiti wa nchi za ukanda, Kenya na Tanzania zikiwemo, kupima tindikali kwenye pwani zao. Hiyo ni kazi ya kuongezewa fedha, na oksijeni ipimwe pamoja nayo mahali palepale na saa ileile, kwa sababu namba moja bila mwenzake haielezi kiumbe anaishije. Unguja kuna kituo cha Beit el Ras kinachozalisha vifaranga wa mwatiko na jongoo bahari. Gazi kumejaribiwa ufugaji wa chaza. Bweleo kuna wanaofuga chaza wa lulu. Wote wanategemea maji yanayokuja yenyewe kutoka baharini. Kipimo cha joto, pH na oksijeni kinachosomwa saa kwa saa mahali maji yanapoingia kingewaambia siku gani watotoleshe na siku gani wasubiri. Namba hizo zifike kwenye simu za wakulima wa mwani kama zinavyofika taarifa za upepo na mvua, kwa Kiswahili. Maji yetu hufikia kilele cha joto kati ya Februari na Aprili, na vipimo vikiwekwa kabla ya hapo ndipo vitakapotueleza kitu kuhusu miezi iliyo migumu kuliko yote.